Jiwe la Msiro la Bi Sharifa

Mmeniomba jiwe, na mimi sina jiwe la kuwapa. Ningeweza kuwajibu hivyo kwa simu, maneno matatu, yakaisha. Lakini yule binti mliyemtuma alikaa kwenye mkeka wangu akanywa chai vikombe viwili, akanieleza kwa adabu kwamba mmepata chumba nyuma ya soko hapa Palma, mmeanza kukusanya vitu vya watu, na mnataka kitu kimoja kutoka Chumba chetu cha zamani kiwe cha kwanza mezani. Aliyeomba kwa adabu hujibiwa kwa adabu. Kwa hiyo nimechukua daftari niwaeleze jiwe limekwenda wapi, na njiani nitawapa mengine ambayo mnayahitaji na hamkujua kuyaomba.

Mnaona naandika kwa penseli. Si kwamba babu yenu Bakari, vovo kama mnavyoniita, hana kalamu. Hewa ya ghuba yetu ya Tungue ina chumvi na unyevu, na wino hauipendi. Miaka yangu ya mwanzo niliandika kadi arobaini kwa kalamu ya buluu, kwa mwandiko wa kujivunia, na baada ya masika mawili ilibidi nikae chini nikisie ni kijiko cha nani na ni kofia ya nani. Penseli haichuji. Kadi ifungeni kwa uzi wa pamba, msiifunge kwa waya, maana waya hushika kutu na kutu huhamia kwenye kitu. Msitie kitu kwenye mfuko wa plastiki, kitatoka jasho na kuvu. Shoneni mifuko ya kapulana kuukuu, vile vitambaa wanavyojifunga mama zenu, na kabatini wekeni kopo la mkaa linywe unyevu, na majani ya mwarobaini kwa ajili ya wadudu. Haya nilifundishwa, sikuyazua.

Aliyenifundisha ni fundi wangu, Mestre Anselmo. Alikuwa Mmakonde wa uwandani, Mkristo, mchonga vinyago aliyeacha kuchonga vidole vilipoanza kumuuma. Wakubwa walimleta kwenye nyumba ya utamaduni hapa kwetu wakitarajia atafundisha uchongaji. Yeye akaomba chumba kitupu na mtu mmoja wa kumsaidia, na mtu huyo nikawa mimi, kwa sababu nilijua kusoma na nilikuwa sina kazi. Siku ya kwanza alinionyesha kijiko cha mti kilicholika upande mmoja.

“Kinyago nakichonga mimi kwa mwezi,” akasema. “Hiki kimechongwa na mdomo wa mtu miaka thelathini. Niambie ipi kazi kubwa.”

Nilidhani mzee amechoka. Nimeshukuru mara nyingi kwamba sikusema.

Kazi yetu ilikuwa hii: kuwaendea watu wa kawaida, kuwaomba kitu kimoja cha kawaida walichokishika kila siku, kukiweka kwenye meza ndani ya Chumba, na kando yake kadi yenye maneno ya mwenyewe, kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Basi. Mestre alipanga vile vitu kwa siku nyingi. Alikuwa akisogeza kiatu kwa upana wa kidole, akarudi mlangoni, akaangalia, akakisogeza tena. Mimi nilisimama na ufagio nikisubiri amalize nifagie.

Siku moja alikuja bwana mmoja kutoka mkoani, amevaa tai, akazunguka Chumba akauliza sanaa iko wapi. Mestre hakukasirika. Alimwomba avue saa yake ya mkononi aiweke mezani, akamuuliza alipewa na nani. Yule bwana akaanza kwa kifupi, kwamba ni ya marehemu baba yake, kisha akaendelea mpaka chai ikapoa. Mestre alikuwa anaandika. Akaiweka kadi kando ya saa, yule bwana akaisoma mwenyewe. Aliondoka na saa yake, kadi akatuachia, na tuliiweka mezani hivyo hivyo bila saa. Watu waliipenda sana kadi hiyo.

Msidhani watu watakimbilia kuwapa vitu. Nilipoanza kukusanya vitana nilikwenda Mocímboa da Praia, nikazunguka nyumba za karibu na bandari nikiwaomba akina mama vitana vyao vya zamani, na nikasisitiza, kwa ujinga wangu, kwamba nataka kile ambacho hakijasafishwa. Mwanamume mgeni, na mfuko, anaomba vitana vyenye nywele. Kufika alasiri mtaa mzima ulikuwa unajua. Bibi mmoja alinisimamisha mlangoni akaniuliza, “Wewe baba, nywele za watoto wa watu wazitakia nini?” Nikaanza kueleza habari za sanaa, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuwa mchawi. Nilirudi Palma na mfuko mtupu na miguu yenye haraka.

Mestre alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanifundisha mambo mawili. Kwanza, mwenye kitana atoe nywele zake mwenyewe na azichome moto mbele yako, na hilo liandikwe kwenye kadi. Pili, usimwombe mtu kitu kabla hujatoa chako. Nikaleta kandambili zangu, moja imeshonwa kwa uzi wa nyavu. Kisha kwa bidii nikaleta na mbuzi ya kukunia nazi kutoka jikoni kwetu, nikaandika kwamba kibao kimelika upande wa kushoto kwa sababu mwenyewe hukaa upande, goti la kulia linamsumbua. Mke wangu Mwajuma alikuja kutazama Chumba na shoga zake, akakuta mbuzi yake aliyoitafuta siku tatu, na goti lake limeandikwa watu wasome. Wiki ile tulikula wali bila nazi. Ombeni, hata ndani ya nyumba zenu.

Sasa jiwe.

Msiro mnaujua, ninyi mabinti mnaujua kunishinda: kijiti kinasagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo, unatoka uji mweupe, mwanamke anajipaka usoni. Mimi niliuona maisha yangu yote kwenye nyuso za mama yangu na dada zangu, na sikuwahi hata mara moja kuliangalia jiwe lenyewe. Lilikuwa uani, upande wa wanawake. Mwanamume hana kazi nalo.

Bi Sharifa alikuwa mjane wa makamo, mzaliwa wa kisiwa cha Makaloe, aliyeolewa hapa Palma. Alikuja Alhamisi moja na kitu kizito ndani ya kapulana. Akaniambia ni jiwe la msiro la marehemu mama yake. Hakulitoa. Alisema waziwazi, “Naazima, sitoi. Mkimaliza kulitazama nirudishieni kama lilivyo.” Nikaitikia. Mestre siku hiyo hakuwepo, alikwenda Mocímboa kupokea mbao za rafu.

Nikabaki peke yangu na jiwe, na nikaliona chafu. Lilikuwa na ukoko mweupe uliokauka, mnene pembeni, na pembe moja ilikuwa na michirizi. Kabla ya kazi hii mimi nilikuwa kwenye ghala la samaki, na huko amri ya kwanza ni kuosha na ya pili ni kuosha tena. Nikaona leo nitamfurahisha Mestre. Nikalipeleka kisimani. Nikalisugua kwa mchanga na makumbi ya nazi, nikatia sabuni ya mche, nikasuuza maji matatu. Lilitoka jeusi, laini, linang’aa. Nililipenda. Nikaliweka mezani mahali pa mbele.

Bi Sharifa alikuja siku ya kufungua Chumba, amevaa vizuri, na dada zake wawili. Aliwatembeza meza kwa meza akitafuta. Akalipita jiwe. Akarudi, akalipita tena. Kisha akanijia akaniuliza, “Jiwe langu mmeliweka wapi?” Nikamwonyesha kwa kidole, bado natabasamu.

Alikwenda akainama. Akapitisha mkono kwenye pembe ile, polepole, mara mbili. Dada zake walielewa kabla yangu, maana mmoja alishika mdomo. Bi Sharifa hakulia wala hakupaza sauti. Alimweleza Mestre, si mimi, kwamba siku mama yake alipoanza kuugua alikuwa ametoka kusaga msiro, na uliobaki vidoleni akaufuta hapo pembeni kwa vidole vitatu, kama alivyozoea. Hakusaga tena. Baada ya arubaini, vitu vya marehemu viligawiwa, nguo zikatolewa sadaka, na yeye alichukua jiwe kwa ajili ya ile michirizi tu. Akimkumbuka mama yake alikuwa anaweka vidole vyake vitatu juu ya vile. Alipokwisha kueleza aliwachukua dada zake wakaenda. Jiwe hakuligusa tena.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilimwambia Mestre nitaacha kazi. Nilijua pia kwamba habari itafika kila nyumba, na hakuna mwanamke atakayetuazima hata sindano. Mestre hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alinipa kadi tupu na penseli.

“Andika ulichofanya.”

Niliandika kadi tano nikazichana, maana kila moja ilikuwa na kisingizio ndani yake: kwamba sikujua, kwamba ilikuwa nia njema, kwamba Mestre hakuwepo. Ya sita ilibaki. Ilisema: Hili ni jiwe la msiro la marehemu mama yake Bi Sharifa. Lilikuwa na alama za vidole vyake vitatu. Mimi Bakari niliziosha. Nikaiweka mezani. Watu waliisoma mbele yangu, wengine wakinitazama, wengine wakiwasomea wasiojua kusoma. Siku kumi na moja nilisimama kwenye Chumba kile. Nimewahi kufanya kazi ngumu kwa mwili, kubeba barafu na magunia, lakini hiyo ndiyo iliyonichosha kuliko zote.

Siku ya kumi na mbili Bi Sharifa akaja peke yake. Alikuwa na kijiti cha msiro na chupa ya maji. Aliniambia nimsomee ile kadi. Nikasoma. Akaniambia nisome tena, nikasoma. Akakaa chini sakafuni, akaomba jiwe, nikampa. Alimwaga maji kidogo, akasaga bila haraka mpaka uji mweupe ukatoka, akajipaka mashavuni na kwenye paji la uso. Uliobaki vidoleni akaufuta kwenye pembe ile ile ya jiwe, kwa vidole vitatu.

“Hivi si vya mama,” akaniambia. “Vya mama umeviosha. Hivi ni vyangu. Ungeficha, leo ningelichukua jiwe langu. Hukuficha, basi likae. Lakini mwisho litarudi kwangu, Bakari, na litarudi na hivi.”

Nilimwahidi. Niliapa kwa Mwenyezi Mungu, na mimi si mtu wa kuapa ovyo.

Tangu siku ile hakuna aliyetukatalia kitu. Akina mama walileta wenyewe, na kila mmoja alianza kwa kuniambia nisioshe. Ilikuwa utani wa mji. Na hapo ninyi mna bahati ambayo hatukuwa nayo: kabla hamjakigusa kitu, kipigeni picha kwa simu zenu, pande zote, na chini. Ningekuwa na simu Alhamisi ile, vidole vya yule mama vingekuwepo hata leo, walau vya kutazama.

Yaliyotupata baadaye hapa pwani, wakati wa vita, mnayajua, na baadhi yenu yaliwapata mkiwa migongoni mwa mama zenu. Sitayarudia. Nitasema tu kwamba asubuhi ile ya kukimbia nilipita Chumbani. Vitu mia tatu na kitu, na mikono miwili. Nilitazama huku na huku nikasikia aibu kuchagua. Nikachukua jiwe, kwa sababu ndilo pekee nililoliapia. Nililifunga kapulana, nikalitia ndani ya sufuria lenye mfuniko ili jasho na mvua visiliguse.

Mwajuma alifurahi kuona sufuria. Alipofunua kutia mchele akakuta jiwe. Aliniambia wenzangu wamebeba unga, wamebeba godoro, wamebeba mama zao, na mimi nimebeba jiwe ambalo si langu, na kwamba akifika salama atanishtaki kwa kadhi. Alisema hivyo njia nzima, kwa miguu na ndani ya boti, mpaka mji wa Pemba, makao makuu ya mkoa wetu. Huko tulikaa kwa binamu yangu, watu kumi na sita nyumba moja. Binamu akaliona jiwe, akalipenda kwa kunolea visu. Mimi sikuwepo. Alipolishika tu Mwajuma akamwambia hilo ni jiwe la Bi Sharifa, lina vidole vyake, na visu vyake akavinolee kwingine. Tangu siku hiyo alilala na lile sufuria kichwani pake. Mwanamke huyu nimemshukuru mara chache mno, basi na liandikwe hapa kwamba ahadi ile nilitimiza kwa mkono wake.

Mestre alirudi kwao uwandani, akaugua, akafariki huko. Sikumzika. Mwaka tuliorudi Palma nilikwenda Chumbani nikakuta kuta nne na majani yameota ndani. Hakukuwa na kijiko, hakukuwa na kitana, hata kadi moja. Nilikaa kizingitini muda mrefu. Kisha nikaenda kuuliza kama Bi Sharifa yuko hai.

Alikuwa hai, amerudi kabla yetu, amezeeka, anakaa kwa mjukuu wake. Nilikwenda na sufuria siku ile ile, na nyumbani nilikuwa nimeshalifunua nikaangalia. Mchirizi mmoja ulikuwa umemomonyoka. Ndani ya sufuria, chini, palikuwa na unga mweupe, kiasi cha kucha moja. Nilibisha hodi, nikamwamkia, na kabla hajaniambia nikae nikasema yote, kwamba Chumba kimekwisha, kwamba jiwe ninalo, kwamba nimebeba kwa uangalifu wote, na kwamba vimebaki viwili.

Aliomba jiwe. Nikamwekea mapajani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo alilitazama kwa mikono, akaikuta ile pembe, akahesabu kwa ncha za vidole. Moja, mbili. Mimi nilikuwa nimesimama, kofia mkononi.

“Bakari,” akasema, “vidole ninavyo, mwanangu. Vya mama ndivyo nilivyokuwa sina.”

Akamwita mjukuu wake amletee kijiti na maji. Nikaelewa anachotaka kufanya, na nikiri kwenu kwamba nilitaka kumzuia. Miaka yote ile, sufuria, boti, visu vya binamu, Mwajuma kulala nalo kichwani, na sasa anamwaga maji juu yake. Aliloanisha jiwe lote, mpaka pembeni. Ile michirizi miwili ililainika ikaingia kwenye uji mpya. Alisaga, akimweleza mjukuu wake jinsi ya kushika kijiti, kwa sababu harusi ya yule binti ilikuwa imekaribia na jiwe lake la kununua alisema halitoi msiro mzuri. Nililiona jiwe likifanya kazi. Nimelitunza muda wote ule na ilikuwa mara yangu ya pili tu kulitazama hivyo.

Alipomaliza aliniambia nisogee karibu. Nikasogea. Aliniambia niiname, nitulie, yeye ana umri wa kunizaa. Akanipaka shavuni, vidole vitatu, kutoka jichoni mpaka kidevuni.

“Umelirudisha,” akasema. “Nenda nyumbani, mkeo akuone.”

Kwa hiyo jiwe liko uani kwa Bi Sharifa, linasaga msiro wa bibi harusi. Mkilitaka mezani kwenu, nendeni wenyewe, mbishe hodi, muombe kuazima, na akikataa mshukuru. Lakini kwanza kila mmoja wenu apeleke kitu chake.

Nilitoka pale nikapita sokoni na michirizi yangu shavuni. Mzee wa reforma, mstaafu, mwenye kanzu, na msiro. Wauza samaki waliacha kuuza. Mmoja aliuliza naolewa na nani. Nilicheka nao, nikaendelea, sikuificha sura yangu kwa mkono, na machozi yalikuwa yanatoka na sikuyaficha pia. Nilikuwa nimekusudia kufika nao mpaka kwa Mwajuma. Ila karibu na msikiti alasiri ikaadhiniwa, na msiro uliokauka ngozini huzuia maji, udhu hautimii.

Nikasimama kwenye bomba, mkono juu yake, watu nyuma yangu wakisubiri. Nikasema alhamdulillahi. Nikafungua, nikanuia, nikanawa uso mara tatu. Maji yalishuka meupe, kisha yakawa maji.